Utulivu wa pori: tutaupata wapi?



Kama unakaa Misisi, Lubichako, Kamituga ao pahali pengine pa dhahabu, kelele unazijua vizuri. Mchana konkaseri zinasaga mawe, jioni jenereta zinaanza, na muziki wa nganda hauishi mpaka asubuhi. Nyumbani chumba kimoja kinalaza watu sita. Kijana anayetaka kuwaza juu ya ndoa, mama anayetaka kuomba bila watoto kumvuta nguo, baba aliyegombana na wenzake kwenye kariyeri na hataki kuingiza hasira yake nyumbani, wote wana swali moja: niende wapi nikae peke yangu hata saa moja tu?

Wazee wetu wangejibu upesi: nenda porini. Na Bwana wetu mwenyewe alifanya hivyo. Soma Marko 1:35 utaona ni saa gani aliamka na alielekea wapi. Lakini kwetu, katika teritwari ya Fizi, neno pori limepata maana nyingine. Tangu vita vya 1996, na tena kwenye Milima ya Juu tangu 2017, familia nyingi zimekimbilia huko na kulala chini ya miti. Mwambie mama wa Minembwe kwamba katika inchi za mbali watu wanapanda gari siku ya posho kusudi watembee mu pori bila njia, atacheka. Atakuambia: "Sisi tulitembea bure, mizigo ku kichwa, mtoto ku mgongo." Kwa hiyo hatuandiki hapa kama watu wa matalii. Tunaandika kwa sababu hitaji la utulivu liko, na vijana wetu wanalitafuta vibaya: wengine katika pombe, wengine wanaingia msituni bila kuuliza mtu.

Karibu ya makambi ya dhahabu msitu umerudi nyuma sana. Miti ilienda kuzuia mashimo yasibomoke, ikawa mbao, ikawa makala. Basi macho yanapanda juu, ku milima ya Kabobo. Unajua kwamba mwaka 2007 wachunguzi walitembea huko wakakuta nyama wadogo sita ambao elimu haikuwajua bado? Popo mmoja, panya mmoja, aina mbili za virukanjia na aina mbili za vyura. Tangu 1960 hakuna mchunguzi aliyefika huko, sababu ya matata ya inchi. Kuna pia mbega mweusi na mweupe ambaye haonekani pengine duniani, na sokomutu. Sisi tunaishi chini ya mlima huo na tunauita tu "kule juu". Tangu 2016 upande wa Fizi ni hifadhi ya Ngandja. Hauingii kama vile unaingia shamba la mjomba. Unapitia kwa mashefu na kwa watu wa ICCN. Na kusema kweli, si pahali pa matembezi ya jioni ya chama cha vijana. Kuna watu wenye silaha wanaopitapita, na kuna mashimo ya dhahabu ndani yake pia.

Tafuta kadogo, karibu. Miti inayobaki kando ya kijito ambako mtelemko ni mkali na hakuna aliyeweza kulima. Mikalitusi ya parokia. (Mimi siipendi sana: chini yake majani ni machache na ndege ni wachache, lakini kivuli ni kivuli.) Kwa watu wa Baraka kuna vilima vya Ubwari, ng'ambo ya ghuba ya Burton. Kuna pia mahame, vijiji vya zamani ambako miembe imebaki bila nyumba. Pale hakuna kelele hata kidogo. Lakini hame lina mwenyewe, hata akiwa kambini Burundi ao Tanzania. Ukionekana unazunguka pale, watu watawaza kwamba umekuja kupima uwanja, na kwetu kesi za uwanja zimeua watu.

Namna ya kupata nafasi nzuri ni kuuliza wale wanaotembea: mama wa kuni, wachungaji wa ng'ombe, wapasua mbao, wenye mizinga ya nyuki. Usiwaulize "wapi ni pazuri?" Watakuonyesha uwanja wa mpira. Uliza: "Ni wapi hamwendi, na kwa nini?" Jibu ndilo linalokufundisha. Pengine hawaendi kwa sababu kuni zimeisha. Hapo ndipo pako. Pengine ni makaburi ya wazee. Basi uombe ruhusa ao uache. Pengine mtu atanyamaza, atatazama pembeni, atasema "huko hapana." Usiulize mara ya pili. Rudi nyumbani.

Ukiacha njia, tazama chini kuliko unavyotazama mbele. Shimo la dhahabu lililoachwa halina alama. Majani yanaota juu yake msimu mmoja tu, na chini kuna meta kumi ao zaidi. Ukiona udongo mwekundu umerundikwa, ujue mdomo wa shimo uko karibu. Chuma usichokijua usikiguse, hata kiwe na kutu namna gani. Na maji ya kijito kinachotoka chini ya mahali pa kusafishia dhahabu usiyanywe, hata yakiwa meupe: zebaki haionekani.

Minembwe ni hesabu nyingine. Kule ni zaidi ya meta 2.000 juu, na vilima ni majani ya ng'ombe; msitu na mianzi viko mabondeni na upande wa Itombwe. Ni msitu ule ambamo bundi mmoja mdogo alipatikana 1951, kisha hakushikwa tena mpaka 1996. Hatari kubwa ya pale mtu haiwazi: ukungu. Unashuka dakika tano, unageuka, kilima kimepotea. Huku chini tunafundisha watoto: ukipotea, fuata maji, yatakufikisha ziwani. Kule shauri hilo linaweza kukupoteza. Milima ile inagawa maji pande mbili. Mengine yanatelemka mashariki kwa Tanganyika, lakini mengine yanaingia Ulindi na Elila, na mito hiyo inaelekea Lualaba. Ukifuata kijito kibaya utatembea siku nyingi katika msitu mkubwa, ukiliacha ziwa mgongoni. Basi ukungu ukikushika, kaa. Subiri ufunguke. Ukisikia kengele ya ng'ombe, elekea huko.

Pengine utasema: kwa nini tusiwe na msitu wetu karibu, salama, wa kila mtu? Nairobi wanao. Karura iko ndani ya mji wenyewe, hektari karibu 1.000, na siku ya Mungu familia zinatembea mle. Lakini haikubaki yenyewe. Wakubwa walianza kuigawa kwa wajengaji, na Januari 1999 Mama Wangari Maathai alipigwa mpaka akatoka damu kichwani kwa kuwa alikwenda kupanda mti pale. Kwetu parokia na makanisa mengi yana uwanja mkubwa kuliko majengo yake. Kamati ikikaa tena juu ya kuuza miti ya nyuma ya kanisa, kijana, weye uliyesoma mpaka hapa, uwe ndani ya mkutano.

Kwa posho hii basi: enda na mwenzako, na ninyi mabinti msiende chini ya watatu. Mkifika mnaweza kuachana hatua hamsini na kunyamaza. Simu izimwe. Mwambieni mtu mmoja mnaelekea upande gani na mtarudi saa ngapi, na mkirudi mpitie kwake kumsalimia. Kuna waliosahau hiyo ya mwisho, wakalala vizuri kitandani, huku kijiji kizima kinawatafuta na matoroshi mpaka saa tisa ya usiku.