Utando Mweupe Mdomoni: Chupa Moja Inamtosha Nani?

Futa ulimi wa mtoto kwa kitambaa safi kilicholowa. Weupe ukitoka, ni maziwa tu. Ukigoma, au ukabanduka na kuacha wekundu unaovuja damu, hiyo ni kandida, aina ya fangasi. Usihangaike kumtafuta aliyemwambukiza: kati ya watu wazima 10 wenye afya njema, 3 hadi 6 wanaishi na fangasi hao kinywani bila habari.

Cha kuuliza ni nani ameacha lindo. Mate, nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku, huwasomba; bakteria wenyeji huwabana. Antibayotiki huwapunguza bakteria hao, kisukari kisichodhibitiwa hutia sukari kwenye mate, na meno ya bandia yasiyovuliwa usiku huwapa maficho. Anayevuta dawa ya pumu yenye steroidi bila kusukutua hudhoofisha kinga palepale kooni. Kinga ya hilo ni funda la maji, tena la bure.

VVU vina hesabu yake. Mtu mzima mwenye afya ana seli za kinga za CD4 kama 500 hadi 1,500 kwa maikrolita ya damu. Zikishuka chini ya 200, utando huu huwa wa kawaida. Shirika la Afya Duniani huuhesabu, usipokoma, kuwa dalili ya hatua ya 3 kati ya 4. Mtu mzima asiyeona sababu nyingine akapime.

Sasa dawa. Mtoto mchanga akipewa nistatini mililita 1 mara 4 kwa siku, chupa ya mililita 30 humfikisha wiki nzima. Mtu mzima anayetumia mililita 4 kila mara huimaliza kabla siku ya pili haijaisha. Wiki moja inataka karibu chupa 4. Anayeishia ya kwanza anaweza kudhani dawa haifanyi kazi.

Utando ukishuka kwenye umio, chakula hupita kwa shida, na hapo inatakiwa flukonazoli. Mwaka 2000 serikali ya Afrika Kusini ililipa zaidi ya randi 28 kwa kapsuli moja. Oktoba, katika kampeni ya kudai dawa nafuu, mwanaharakati Zackie Achmat aliingiza kutoka Thailand kapsuli za chini ya randi 2. Kwa siku 14, kapsuli moja kila siku, ni zaidi ya randi 392 dhidi ya pungufu ya 28. Mwanaharakati mwenzake Christopher Moraka, ambaye kampeni hiyo ilibeba jina lake, alikuwa amekufa Julai.