Bunduki Kuukuu ya Jeshi: Chungulia Mtutu Kabla ya Kutoa Pesa

Ndugu zetu wa Marekani wanaopenda uwindaji au silaha za kihistoria huulizia sana Lee-Enfield ya Uingereza na Mosin-Nagant ya Urusi. Lee-Enfield inatuhusu: askari wa King's African Rifles waliibeba hadi Burma katika Vita vya Pili vya Dunia.

Wanunuzi wengi huvutwa na mti unaong'aa. Mti hupigwa msasa na vanishi ukapendeza, lakini mtutu ulioliwa na kutu haurudi kuwa mzima.

Kwanza hakikisha bunduki haina risasi: fungua boliti, tazama chemba, kisha ipapase kwa kidole. Toa boliti, umulike mtutu kwa tochi. Ukikuta grisi ya ghalani, omba ifutwe, maana huficha mengi. Michirizi ya ndani iwe na kingo zinazoonekana wazi. Vishimo vyeusi mara nyingi ni kazi ya fataki za zamani, ambazo ziliacha chumvi inayovuta unyevu. Chumvi hiyo huyeyushwa na maji. Mafuta peke yake hayaiondoi.

Kagua pia mdomo wa mtutu, kwani ufito wa kusafishia huusugua kila unapopita. Baadhi ya Mosin-Nagant zilipanuliwa mdomo kiwandani ili kuondoa sehemu iliyochakaa. Hilo si kasoro ikiwa michirizi iliyobaki ni mizima.

Kisha linganisha namba zilizogongwa kwenye boliti na kwenye mwili wa bunduki. Zikitofautiana, huenda boliti ilitoka kwenye bunduki nyingine, na nafasi inayokaliwa na risasi ikawa kubwa kupita kiasi. Hapo ganda linaweza kupasuka na gesi ya moto ikamrudia mpigaji usoni. Hata namba zikilingana, mpelekee fundi bunduki aipime kwa geji kabla ya kufyatua risasi ya kwanza. Lee-Enfield No. 4 ilitengenezewa vichwa vya boliti vya saizi 0 hadi 3 kwa ajili ya kurekebisha nafasi hiyo.

Sheria nayo isisahaulike. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kununua, lakini aliyeingia kwa viza ya muda kwa kawaida hukatazwa na sheria ya shirikisho, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Majimbo nayo yana masharti yake. Muuzaji akikataa boliti itolewe au fundi aitazame, mwachie bunduki yake.