Usafi wa Hoteli: Tusiishie Mlangoni

Wengi wetu huku Pwani tunaijua Mwea kwa sinia kabla ya kuijua kwa macho. Mchele wa pishori tunaoupikia pilau la Idi na biriani la harusi hulimwa huko, katika Kaunti ya Kirinyaga, kwa maji ya mito Thiba na Nyamindi iteremkayo kutoka Mlima Kenya. Anayetoka Nairobi akifika Makutano huikuta njia imegawanyika: moja yaelekea Sagana, Karatina na Nyeri, na nyingine yapita Mwea hadi Embu na Meru. Mji wa Wang'uru, ambao wengi huuita Ngurubani, uko kwenye njia hii ya pili, na hapo abiria hushuka kunyoosha miguu na kutafuta chakula.

Nasi tulishuka hapo, tukiwa na watoto na bibi yetu mmoja mtu mzima. Mlangoni mwa hoteli tuliyoingia palikuwa na tangi la plastiki lenye koki ya kukanyaga kwa mguu, mabaki ya miaka ya korona. Mtoto alikanyaga, halikutoka hata tone. Ukutani palikuwa bado na karatasi iliyofifia ikituamuru tunawe mikono na tuvae barakoa. Tulicheka kidogo, kisha tukaacha kucheka, kwa kuwa kijana aliyekuja kutupangusia meza alikuwa akikohoa, macho mekundu, na kitambaa alichokishika ndicho alichotoka kupangusia meza ya jirani.

Bibi alimwuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, mbona hukupumzika leo?"

Akajibu, "Nikibaki nyumbani, shosho, silipwi."

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Turudi nyuma kidogo. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kabla mwezi huo haujaisha, hoteli za chakula zilikuwa zimekatazwa kukalisha wateja, na kafyu ya usiku imeanza. Mwishoni mwa Aprili, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe, aliyewahi kuwa seneta wa Nyeri, alitangaza kwamba hoteli zingeweza kufunguliwa kwa masharti: wafanyakazi wapimwe, wateja wapimwe joto mlangoni, watu waketi mbalimbali, na pasiwe na chakula cha kujipakulia. Wasomaji wetu wa Mji wa Kale, Mombasa, hawana haja ya kukumbushwa Mei ya mwaka ule, mtaa wao ulipofungwa kuingia na kutoka katikati ya Ramadhani, na hoteli zake zikafungwa pia.

Masharti yale yalileta mema mengi. Maji na sabuni vilitokea mahali ambapo havikuwahi kuwapo. Mtoto wa miaka 9 kutoka Bungoma alitengeneza kwa mbao chombo cha kunawia kwa kukanyaga, akatunukiwa nishani na Rais mwezi Juni 2020. Kwetu sisi, ambao birika na besheni hutangulia sinia, ilikuwa furaha kuona nchi nzima ikinawa.

Lakini mengine yalikuwa ya kutazamwa tu. Palijengwa vibanda vya kuwanyunyizia watu dawa, hata Shirika la Afya Duniani likaeleza, Mei 2020, kwamba kumnyunyizia mtu dawa hakufai kwa hali yoyote: hudhuru macho na ngozi, wala hakumzuii mgonjwa kuambukiza kwa pumzi na mate. Baadaye ikathibitika kuwa korona husafiri zaidi kwa hewa. Dirisha lililofunguliwa lilikuwa na faida kuliko meza iliyopanguswa mara kumi.

Hofu ilipopungua, tuliyatupa yote pamoja, ya maonyesho na ya maana. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika hilo lilitangaza kuwa dharura ya dunia imekwisha. Homa ya matumbo, kipindupindu na magonjwa ya kuhara hayakutangaza kuondoka. Haya hayaingii kwa mlango unaolindwa na kipima joto, hutokea jikoni. Basi tuyatazame mambo manne ya jikoni.

La kwanza ni maji. Mwea ina maji tele, lakini maji ya mifereji ya mpunga si ya kuoshea vyombo. Kichocho kimewasumbua wakulima na watoto wa huko kwa miaka mingi. Popote tulipo, tuulize maji yanatoka wapi, na kama yametiwa dawa au kuchemshwa. Aulizaye kwa adabu hajamtukana mtu.

La pili ni kitambaa. Dawa haifanyi kazi juu ya uchafu. Sabuni hutangulia, dawa hufuata. Kwa meza na vitasa, Shirika la Afya Duniani lilishauri klorini ya asilimia 0.1. Ikiwa chupa ya jiki imeandikwa asilimia 3.5, kipimo kimoja cha jiki huchanganywa na vipimo 34 vya maji baridi. Mchanganyiko utengenezwe upya kila siku, na kamwe usitiwe siki, dawa ya choo wala sabuni nyingine, kwani hutoa hewa ya sumu. Na mikono yenye mafuta haisafishwi kwa dawa ya kupaka. Yataka maji na sabuni.

La tatu ni wali wenyewe. Mchele huwa na bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa vuguvugu kutwa, huzaana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Chakula kilichopikwa kisikae wazi zaidi ya saa 2: kiwe moto zaidi ya nyuzi 60, au kiwekwe kwenye friji chini ya nyuzi 5. Pilau la asubuhi linalouzwa jioni halisafiki kwa mwiko mpya.

La nne, na ndilo kubwa, ni mfanyakazi. Wapishi na wahudumu wa chakula nchini Kenya hutakiwa kupimwa afya na kupewa cheti kila miezi 6. Ni jambo jema, lakini cheti cha Januari hakijui kuhara kwa Machi. Mwenye kuhara au kutapika hushauriwa akae mbali na chakula mpaka zipite saa 48 tangu apone. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Lakini anayelipwa kwa siku huhesabiwa kibarua, na siku asiyoonekana hana chake. Huyo ataficha homa yake, na hatuwezi kumlaumu.

Tulipokuwa tukiondoka, tulimwita mwenye hoteli pembeni. Tulimweleza habari ya tangi na habari ya kijana. Alitusikiliza, akashukuru. Siku tatu baadaye tulipita tena tukirudi. Tangi lilikuwa limejaa maji na sabuni ilikuwapo. Kijana hatukumwona. Tulimwuliza mhudumu mwingine, akasema tu kwamba siku hizi haji.

Hatujui kama alipewa ruhusa ya kupumzika au alifukuzwa, na hilo limetukaa moyoni. Tulisema kwamba anaumwa. Hatukusema kwamba alipwe akiumwa. Ukitaka usafi bila kumfikiria anayeufanya, umewafundisha wengine wafiche maradhi.

Wengi wetu tunapika vyakula vya shughuli, tunauza futari, tunaendesha hoteli ndogo, au tuna binti anayetusaidia nyumbani. Kabla ya kukagua jikoni mwa Mwea, tujiulize jikoni mwetu: binti huyo anaweza kutuambia asubuhi, "Mama, leo naumwa," bila kuogopa riziki yake? Kama hawezi, tuanzie hapo, juma hili hili.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya, na amponye kijana yule popote alipo. Amin.