Leaf ya mtumba: Raha na tahadhari za gari la umeme la bei nafuu

Nissan Leaf iliingia sokoni Japani na Marekani mwezi Desemba 2010, na ikatwaa tuzo ya Gari Bora la Mwaka 2011 barani Ulaya. Leo Leaf zilizotumika Japani zinaonekana katika barabara za Nairobi. Mwaka 2018 kampuni ya NopeaRide, iliyotokana na EkoRent ya Finland, ilianza kuziendesha kama teksi jijini humo, na abiria wengi wakapanda gari la umeme kwa mara ya kwanza. Mwaka 2019 Kenya ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10. Kwa familia ya kipato cha kati, Leaf ya mtumba ni mojawapo ya njia za bei nafuu za kumiliki gari la namna hii.

Jambo la kwanza la kufahamu ni ukubwa wa betri. Leaf za mwanzo zilikuwa na betri ya kilowati-saa 24, yaani uniti 24 kama zinavyohesabiwa kwenye mita ya stima. Baadaye ikaja ya uniti 30, kisha mwaka 2017 kizazi cha pili chenye uniti 40, na mwaka 2019 ya uniti 62. Kwa vipimo rasmi vya Marekani, Leaf ya kwanza ikiwa mpya ilikwenda kilomita 117 hivi kwa chaji moja, ya uniti 30 kilomita 172, na ya uniti 40 takriban kilomita 240. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, Leaf za zamani zinazouzwa sasa ni zile zilizokwisha kuingia nchini na kubadilisha mikono.

Betri huchoka, na hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kukaza macho. Upande wa kulia wa dashibodi ya Leaf za kizazi cha kwanza kuna safu mbili za vijiti. Safu ya vijiti vinene huonyesha chaji iliyomo wakati huo, na pembeni yake vijiti 12 vyembamba huonyesha afya ya betri. Kijiti cha kwanza chembamba hutoweka betri inapopoteza asilimia 15 hivi ya uwezo wake, na kila kimoja kinachofuata hutoweka baada ya asilimia 6 nyingine. Leaf ya uniti 24 iliyobaki na vijiti 9 ina uwezo wa asilimia 70 hivi, kwa hiyo safari yake ni kama kilomita 80, na hupungua zaidi barabara ikiwa ya kupanda.

Hata hivyo, vijiti peke yake havitoshi kuwa ushahidi. Kumbukumbu ya kompyuta ya betri ikifutwa, vijiti vilivyopotea hurudi kwa muda, na mnunuzi huondoka na gari linaloonekana zima. Kipimo cha kuaminika zaidi ni programu ya simu iitwayo LeafSpy, inayosoma kompyuta hiyo kupitia kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani. Hutoa asilimia ya afya ya betri, kisha huonyesha volti za jozi zote 96 za seli, kila jozi kwa mstari wake. Mistari ikilingana kwa urefu, betri imechakaa kwa usawa. Mmoja ukizama chini ya wenzake, hasa chaji ikiwa imepungua, kuna seli mbovu. Gari la namna hiyo huweza kuonyesha kuwa lina kilomita za kutosha, kisha ghafla likawasha taa ya kobe kwenye dashibodi na kupunguza nguvu katikati ya barabara.

Kasi ya kuchoka kwa betri hutegemea sana joto, kwa sababu betri ya Leaf hizi haina mfumo wa kuipoza kwa maji wala kwa kiyoyozi. Katika jimbo la Arizona nchini Marekani, wenye Leaf za mwanzo walianza kupoteza vijiti mapema mno kufikia mwaka 2012, na Nissan ikabadilisha kemikali za betri kuanzia modeli za 2015 ili zistahimili joto zaidi. Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ina baridi inayoifaa betri. Mombasa na miji mingine ya pwani ni mtihani mgumu zaidi, na mwenye gari huko hufaidika kwa kuliegesha kivulini na kutoliacha juani likiwa na chaji iliyojaa. Popote pale, kuchaji hadi asilimia 80 siku za kawaida, na kujaza kabisa kabla tu ya safari ndefu, huongeza maisha ya betri.

Kuchaji hufanyika zaidi nyumbani, usiku. Kifuniko kiko puani mwa gari. Mwenyewe hukifungua, huchomeka waya, na taa tatu ndogo za buluu juu ya dashibodi huanza kuonyesha hatua ya chaji: moja ikipepesa, betri bado iko chini. Zote tatu zikiwaka, imekaribia kujaa. Kwa soketi ya kawaida ya pini tatu na mkondo wa ampea 10, betri ya uniti 24 iliyokaribia kuisha huchukua saa kumi au zaidi. Soketi hiyo hubeba mzigo mzito kwa muda mrefu, hivyo inafaa iwe na waya wake kutoka kwenye swichi kuu, iwe na waya wa ardhi, na iwe imefungwa na fundi wa umeme mwenye leseni. Plagi ikiwa ya moto sana kuishika baada ya nusu saa, kuchaji kusitishwe mpaka soketi irekebishwe. Katika nyumba za tokeni, uniti zikiisha usiku wa manane gari huacha kuchaji, na asubuhi mwenyewe hukuta betri nusu.

Gharama ya matumizi ndiyo furaha kubwa ya gari hili. Kilomita 100 za mjini huhitaji takriban uniti 18 kutoka ukutani, pamoja na kinachopotea njiani wakati wa kuchaji. Uniti ikiwa shilingi 30 za Kenya, hizo ni shilingi 540. Gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita hunywa lita 8.3 kwa mwendo huohuo, na lita ikiwa shilingi 180, ni karibu shilingi 1,500. Mwaka 2023 mamlaka ya nishati, EPRA, ilianzisha pia bei maalumu ya umeme wa kuchaji magari, ambayo hushuka hadi nusu hivi saa za usiku. Msongamano, unaokula petroli bure, hauisumbui Leaf: gari likisimama, mota haitumii chochote, na breki hurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri.

Milima ina hesabu yake. Mtu anayeishi Limuru na kufanya kazi katikati ya Nairobi hushuka mita 500 hivi asubuhi na kuzipanda jioni. Kupanda huko pekee hula takriban uniti 2 zaidi ya safari ya tambarare, sawa na kilomita 12. Wakati wa kushuka, betri iliyojaa kabisa haina nafasi ya kupokea nguvu inayorudishwa na breki. Ni busara kuondoka nyumbani ikiwa imepungua kidogo.

Gereji huwa na kazi chache. Hakuna oili ya injini, plagi za cheche wala ekzosi. Vinabaki tairi, bushi na shokamzoba, mafuta ya breki, kichujio cha hewa ya ndani, na betri ndogo ya volti 12. Hiyo ndogo isidharauliwe: ikifa, gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa, lakini ya kuibadilisha hupatikana katika maduka ya kawaida ya betri. Betri kubwa iko chini ya sakafu, hivyo matuta marefu hupitwa polepole. Nyaya zenye rangi ya chungwa hubeba volti zipatazo 400 na zinaweza kuua. Ziguswe tu na fundi aliyesomea magari ya umeme.

Kuna usumbufu mdogo unaokuja na mtumba wa Japani. Skrini ya katikati huandika Kijapani, na redio ya Kijapani huanzia masafa ya 76, mara nyingi ikiishia 90, hivyo stesheni nyingi za Kenya hazisikiki bila kifaa cha kuongeza masafa. Kwa safari za mbali, Leaf hizi hutumia plagi ya CHAdeMO, ambayo haipo katika kila kituo cha kuchaji haraka. Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480. Kwa betri ya uniti 24 safari hiyo haifai.

Leaf ya mtumba, basi, ni gari zuri kwa mtu ambaye safari zake za siku hazizidi nusu ya uwezo halisi wa betri na mwenye soketi salama anapolala. Mpangaji wa ghorofa azungumze kwanza na mwenye nyumba kuhusu soketi na mita ndogo ya kuhesabu uniti zake. Anayetaka kununua apime betri kwa LeafSpy, aendeshe gari mpaka chaji ishuke chini ya robo, kisha ndipo azungumzie bei.