Arifa Zilizoacha Kumpisha Mtumiaji

Kidirisha cha arifa kinachochomoza pembeni mwa skrini hukaa sekunde chache tu. Katika sekunde hizo kompyuta hulazimika kuufasiri mwendo wa kipanya: kishale kinachokaribia kinakuja kusoma, kinakuja kufunga, au kinapita kuelekea kazi iliyo nyuma yake? Jibu la swali hilo limebadilika tangu 2009, na kwa jumla mabadiliko hayo yamempunguzia mtumiaji mamlaka juu ya mkono wake mwenyewe. Hasara huonekana wazi zaidi penye kompyuta za kushirikiana, kama zile za saiba za Mwiki, wadi ya eneobunge la Ruiru nchini Kenya, ambako mashine moja huwahudumia wateja wengi kwa siku.

Mwanzo ulikuwa na nidhamu. Katika Windows XP, muda wa arifa kukaa wazi haukuhesabiwa ikiwa hakuna dalili ya mtu kuitumia kompyuta, ili ujumbe usipotee mbele ya kiti kitupu. Aprili 2009, toleo la 9.04 la mfumo wa Ubuntu lilikwenda mbali zaidi. Kishale kilipokaribia, kidirisha kilififia, na mbofyo ulipenya hadi kwenye programu iliyokuwa nyuma. Mbinu hizi mbili zilitofautiana, lakini zilikubaliana kwamba mwendo wa kipanya ni ishara ya mtu aliye kazini, na arifa haina haki ya kumzuia.

Sababu ya kwanza ya mporomoko ilikuwa na mantiki. Watu walitaka kujibu ujumbe papo hapo, hivyo arifa ikawekewa vitufe. Kidirisha chenye kitufe hakiwezi kufifia kinapofikiwa, lazima kingoje. Ndipo ukaenea utaratibu wa kusimamisha saa ya arifa pindi kishale kinapokuwa juu yake. Kasoro yake ni kwamba kishale kilichokuja kwa hiari na kile kilichokutwa mahali hapo huhesabiwa sawa. Kasoro hiyo inatibika: watengenezaji wa GNOME Shell, kiolesura cha eneokazi la Linux, waliamua kwamba arifa iliyochomoza chini ya kishale isitanuke mpaka kishale kiondoke na kurudi. Hata hivyo, Ubuntu ilipohamia GNOME Oktoba 2017, ile arifa inayopitisha mbofyo iliondoka katika mfumo wake wa kawaida.

Sababu ya pili ni ya kibiashara. Aprili 2015, Chrome 42 iliruhusu tovuti kutuma arifa hata baada ya ukurasa wake kufungwa. Ruhusa hiyo huhifadhiwa ndani ya kivinjari, si kwa mtu aliyeitoa. Katika saiba, madhara hujikusanya. Mteja mmoja akibofya “Ruhusu” ili tu afikie ukurasa anaoutaka, matangazo ya tovuti hiyo huweza kuwachomozea wateja wote watakaomfuata kwenye kivinjari hicho, akiwamo anayejaza ritani ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) kabla ya tarehe 30 Juni. Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, iliripoti kwamba takriban asilimia 99 ya maombi ya ruhusa hayakukubaliwa, na asilimia 48 yalikataliwa waziwazi. Januari 2020 Firefox 72 iliyaficha maombi hayo, na mwezi uliofuata Chrome 80 ikayapunguzia kelele. Hatua hizo zililenga ombi. Mwenendo wa kidirisha mbele ya kipanya haukuguswa.

Matokeo ya kwanza ya mporomoko huu ni mbofyo unaopotea. Binadamu huhitaji takriban robo ya sekunde kukiona kitu kipya na kuanza kuitikia. Kidirisha kikichomoza ndani ya muda huo, kidole kimeshaamua, na mbofyo uliokusudiwa kitufe cha kuendelea huangukia tangazo. Katika Windows hatari huongezeka kwa sababu ya mahali: arifa hutokea pembe ya chini kulia, na programu nyingi huweka kitufe cha kuendelea upande huohuo. Mahali ambapo arifa hupangwa kwa safu, moja ikifungwa nyingine husogea kuchukua nafasi yake, na mbofyo wa pili hufungua kile ambacho mtu alitaka kukifunga. Hatari hii si ngeni. Firefox kwa muda mrefu imevizuia vitufe vya baadhi ya madirisha ya usalama kwa sekunde nzima baada ya kutokea, kwa sababu hiyohiyo.

Matokeo ya pili ni kupotea kwa faragha. Mteja akiondoka bila kufunga WhatsApp ya kivinjari, ujumbe wake unaweza kumchomozea mgeni. Kishale cha mgeni kikiwa kimetulia pembeni, saa husimama na ujumbe hubaki wazi. Kanuni iliyobuniwa kumpa msomaji muda sasa humpa muda asiyehusika.

Masharti ya kurekebisha yanajulikana. Arifa isichomoze chini ya kishale kinachotembea. Isipokee mbofyo wowote katika sekunde ya kwanza. Saa yake isimamishwe tu na kishale kilichoingia kutoka nje. Safu isisogee mpaka kishale kiondoke. Na kompyuta ya umma ifute ruhusa zote kila mteja anapomaliza. Hakuna sharti hata moja hapa linalohitaji uvumbuzi mpya.

Kuchelewa kuyatekeleza kuna gharama inayozidi usumbufu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka idhini iwe ya hiari, mahususi, na idhihirishwe kwa tamko au kitendo cha wazi. Mtandaoni, kitendo hicho kwa kawaida ni mbofyo. Iwapo kidirisha kinaweza kujisogeza chini ya kidole robo ya sekunde kabla hakijabonyeza, kumbukumbu ya mfumo itaonyesha idhini halali kwa jambo ambalo mtu hakulichagua, na hakuna mkaguzi atakayeweza kuitenganisha baadaye na idhini ya kweli.