Fremu ya baiskeli ya kukunja ikipasuka, usikimbilie fundi wa kuchomelea

Kwanza huwa ni mlio. Kila ukikanyaga pedeli unasikia kri, kri, kama kitanda cha chuma cha bweni. Unapaka mnyororo mafuta, unakaza nati za kiti, mlio uko pale pale. Halafu siku moja ukiipangusa vumbi unaona kistari chembamba kama unywele kando ya bawaba, pale baiskeli inapojikunja katikati. Hapo sasa.

Ikiwa uliinunua mpya dukani na waranti ingali hai, utakachofanya siku mbili tatu zijazo ndicho kitakachoamua kama utapata fremu nyingine au utabaki na chuma chakavu. Na wengi huharibia hapo hapo, kwa sababu mji huu haukosi mtu wa kukwambia, "Najua fundi mmoja."

Baiskeli za kukunja zimependwa na vijana wa mjini kwa sababu zinazoeleweka. Ukiishi bedsita orofa ya nne, baiskeli ya kawaida utailaza wapi? Hii unapanda nayo ngazi, unaisukuma chini ya meza kazini, na mvua ikikupata Thika Road unaikunja na kuabiri matatu, mradi uelewane na kondakta kuhusu nauli ya mzigo. Huo mjadala wa nauli ni makala nyingine.

Lakini mkunjo huo ndio udhaifu wake. Fremu ya kawaida imejengwa kwa pembetatu, mabomba yakisaidiana kubeba mzigo. Ya kukunja mara nyingi ina bomba moja nene, nalo limekatwa katikati na kutiwa bawaba. Uzito wako, mashimo ya barabara na nguvu za miguu yako vyote hupitia hapo, kwenye mshono unaoshika bawaba. Ongeza magurudumu madogo ya inchi 16 au 20, ambayo hutumbukia shimoni kwa kishindo kuliko makubwa. Ongeza pia bomba refu la kiti linalokandamiza fremu kama mtaimbo. Ndiyo maana nyufa hupenda kutokea kando ya bawaba ya katikati, juu pale bomba la kiti linapobanwa, na kwenye bawaba ya shina la usukani. Hii ya mwisho ndiyo ya kuogopwa zaidi. Kiti kikikatika unaweza kuangukia makalio. Usukani ukikukatikia mikononi, unatangulia kwa uso, na nyuma yako kuna matatu.

Kuna suala la madini pia. Brompton za London zimejulikana miaka mingi kwa fremu za feleji, ilhali Dahon na Tern hutumia alumini sana kwa sababu ni nyepesi. Feleji ikibebeshwa mzigo ulio chini ya kiwango fulani inaweza kuuvumilia mara zisizo na hesabu. Alumini haina kiwango kama hicho. Kila mtikisiko unahesabiwa, hata ule mdogo. Chukua waya uukunje huku na huku: hautakatika mara ya kwanza, ila utakatika. Kwa hivyo viwango vya kimataifa vya usalama wa baiskeli, ISO 4210, vinataka fremu ijaribiwe kwa mashine inayokandamiza pedeli mara 100,000 bila fremu kupasuka. Fremu iliyofaulu mtihani huo haifai kupasuka baada ya miezi minane ya kwenda kazini na kurudi. Ikipasuka mapema hivyo, bila ajali na bila kubebeshwa magunia, swali la kwanza ni jinsi mshono ulivyochomelewa kiwandani.

Kabla ya kupiga kelele, hakikisha ni ufa kweli, maana rangi nayo hupasuka. Osha sehemu hiyo kwa maji ya sabuni, ikauke, kisha iangazie kwa tochi ya simu kutoka upande, si moja kwa moja. Pitisha ukucha. Pitisha kipande cha pamba, na nyuzi zikinaswa ujue kuna kitu. Kwenye feleji mara nyingi utaona mstari wa kutu ukichungulia kutoka ndani. Weka alama kwa kalamu ya wino mzito pale kistari kinapoishia, uandike tarehe kando yake, upige picha. Alama hiyo ni ushahidi wa mahali ufa ulipofika siku uliyouona. Haikupi ruhusa ya kuendelea kuendesha ili uone kama utasonga mbele. Alumini haitoi notisi ndefu. Egesha baiskeli leo.

Na tafadhali, usikwangue rangi kwa msasa ili uone vizuri. Duka litasema wewe ndiye uliyeichokoa.

Sasa turudi kwa yule fundi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakuwa wanazungumzia alumini. Fundi wa jua kali aliyezoea mageti na vitanda anaweza kukuunganishia fremu ya feleji ikashika, hilo halina ubishi. Alumini ni habari nyingine. Inahitaji mashine tofauti, gesi ya kukinga mshono na mkono uliozoea. Hata ikichomelewa vizuri, lile joto huondoa ugumu ambao bomba lilipewa kiwandani kwa kupashwa moto kwa vipimo maalum. Mshono unaweza kuwa imara huku bomba la kando yake limekuwa laini, kwa hivyo ufa unaofuata unatokea sentimita mbili kutoka kwa ule wa kwanza. Bawaba nayo ikipinda kidogo tu, haitafunga sawasawa tena.

Hata tukiweka hayo kando, moto ukishagusa ile fremu, ushahidi umeungua. Hakuna kampuni itakayokubali kuchunguza ufa uliozibwa, na takriban kila kadi ya waranti inasema ukarabati wa nje unaifuta. Umelipa mia tano kuokoa baiskeli ya maelfu, na hiyo mia tano ndiyo iliyoizika.

Jamaa mmoja tunayeishi naye ploti moja Roysambu alipitia haya. Alinunua baiskeli mpya kwa Sh42,000 katika duka moja la mjini, pesa alizoweka kidogo kidogo mwaka mzima. Kadi ilisema fremu ina waranti ya miaka miwili. Mwezi wa nane ufa ukatokea chini ya bawaba. Alipoirudisha, mhudumu aliitazama kama sekunde tano: "Boss, hiyo ni rangi tu." Alipowasha tochi akaonyesha, jibu likabadilika: huenda alimbeba mtu. Siku ya tatu likabadilika tena: waranti ni ya gia na breki, fremu haimo. Mwishowe wakajitolea kumchomelea bure, nyuma ya duka.

Alikataa kwa upole. Kilichomsaidia ni kwamba alikuwa na karatasi zote: risiti, ujumbe wa M-Pesa wenye jina la duka na tarehe, kadi yenyewe, na picha ya nambari ya fremu, ile iliyogongwa chini karibu na mhimili wa pedeli. Alipiga picha ya baiskeli nzima, ya ufa kwa karibu, na ya ufa ukiwa na rula kando yake. Kisha akaacha kupiga simu. Aliandika barua fupi: nilinunua tarehe hii, ufa nimeuona tarehe hii, sijaanguka wala kubadilisha chochote, naomba fremu ibadilishwe kulingana na waranti yenu, naomba jibu la maandishi katika siku 14. Akaituma kwa barua pepe ya duka na nakala kwa kampuni iliyotengeneza baiskeli, kupitia tovuti yake. Kampuni ndiyo iliyojibu kwanza, ikiomba picha mbili zaidi. Duka likaanza kumwita "mkubwa".

Fremu ilifika baada ya wiki saba. Ilikuwa kijivu, ya kwanza ilikuwa kijani. Gharama ya kuhamisha magurudumu, breki na gia kwenye fremu mpya alijilipia, kwa sababu waranti nyingi hugharamia kifaa chenyewe tu. Alinung'unika siku mbili, kisha akaipanda.

Si kila mtu atakuwa na bahati hiyo, na mara nyingi jibu limo kwenye zile herufi ndogo nyuma ya kadi ambazo hakuna anayezisoma siku ya kununua. Soma yako leo. Waranti za baiskeli kwa kawaida humhusu mnunuzi wa kwanza pekee. Zingine huhitaji ujiandikishe kwenye tovuti ya kampuni ndani ya siku kadhaa baada ya kununua, la sivyo muda unakuwa mfupi. Kuna kikomo cha uzito: Dahon na Tern nyingi huandikwa kilo 105, Brompton 110, na hiyo ni pamoja na begi lako. Ajali, kurukaruka vizingiti na kubadilisha sehemu hutolewa nje.

Halafu kuna kipengele kinachowauma vijana wengi bila wao kujua, kile cha matumizi ya kibiashara. Ukiitumia kusambaza chakula au vifurushi kwa malipo, kampuni nyingi zitasema waranti haikuhusu. Kama hiyo ndiyo kazi unayoitafutia, uliza kabla ya kulipa na upate jibu kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp.

Sasa duka likikwambia "kampuni imekataa, hatuna la kufanya", usikubali haraka. Waranti ya kampuni inakuja juu ya haki ulizo nazo tayari. Haizifuti. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kufidiwa akipata hasara kutokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inamchukulia muuzaji kuwa ameahidi bidhaa yenye ubora unaostahili sokoni, hata kama hakutamka neno. Pia inabatilisha masharti ya mkataba yanayojaribu kuifuta ahadi hiyo. Kwa lugha ya mtaani, ile karatasi ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" iliyobandikwa juu ya kaunta haina nguvu wanayodhani inayo. Deni la kwanza ni la aliyekuuzia, hapa hapa nchini. Kiwanda kiko mbali.

Barua yako ikipuuzwa, Mamlaka ya Ushindani, CAK, hupokea malalamishi ya wanunuzi. Ukihisi bidhaa yenyewe ni duni, peleka habari KEBS. Na kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021, ambayo vijana wengi hawajaifikiria. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, ikiwemo ya uuzaji wa bidhaa, na unaweza kujiwakilisha bila wakili. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu iwasilishwe. Kwa baiskeli ya Sh42,000 hilo si jambo la kuchekesha. Wakati mwingine hata kutaja tu kwamba unajua mlango wake uko wapi hubadilisha sauti ya mhudumu.

Waliokwama zaidi ni walionunua ex-UK au ex-Japan kando ya barabara. Waranti ya kampuni iliishia kwa yule Mwingereza aliyeiuza. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa nayo inasema ukiikagua bidhaa kabla ya kununua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Kwa hivyo kagua kama mtu anayetafuta sababu ya kukataa. Ikunje na kuikunjua mara tano. Funga bawaba, shika breki ya mbele, sukuma usukani mbele na nyuma, usikilize. Chomoa bomba la kiti lote utazame ndani na nje ya sehemu linapobanwa. Rangi mpya karibu na bawaba kwenye baiskeli ambayo kwingine imechakaa? Rudisha pesa mfukoni.

Neno kwa wale ambao ombi lao limekubaliwa. Mara nyingi fremu mpya huendeleza muda uliobaki wa waranti ya zamani, haianzishi upya, kwa hivyo andika tarehe ya mwisho mahali utakapoiona. Iandikishe nambari yake mpya kwa kampuni. Baada ya wiki ya kwanza rudi kwa fundi wa baiskeli akakaze bawaba kwa kipimo kilicho kwenye kitabu. Na ile fremu iliyopasuka usiipeleke kwa watu wa vyuma chakavu mapema. Kampuni nyingine huitaka irudishwe, nyingine hukuomba uikate kwa msumeno na kutuma picha ya vipande viwili. Iweke chini ya kitanda hadi upate maandishi kwamba hawaihitaji tena.