Je, Wajua? Damu ya Saa Mbili Asubuhi

Je, wajua kwamba kotisoli, homoni inayotengenezwa na tezi za adrenali, huhesabu siku kama Mswahili? Saa yetu huanza kuhesabu kunapokucha. Kotisoli nayo hupanda kuelekea mapambazuko, hufika kileleni wakati watu wanaamka, kisha hushuka polepole mpaka saa sita usiku, inapobaki kidogo kabisa. Ndiyo maana daktari anayeshuku upungufu huagiza damu itolewe karibu saa mbili asubuhi. Ikitolewa saa kumi jioni, kiwango kitakuwa cha chini hata kwa mtu mwenye afya yake. Anayetafuta upungufu hupima asubuhi. Anayetafuta ziada hupima usiku wa manane, mara nyingi kwa mate, saa ambayo kotisoli ilipaswa kuwa imelala.

Na mlinzi anayekesha getini? Na muuguzi wa zamu ya usiku? Asubuhi yao huenda si asubuhi ya mwili wao. Mwambie daktari unalala saa ngapi na kuamka saa ngapi kabla hujakunja mkono wa shati. Na ukipewa majibu, tazama kama saa ya kutolewa damu imeandikwa. Kama haipo, umepewa nusu ya majibu.

Je, wajua tezi za adrenali ni mbili, zimekaa juu ya figo kama kofia, na kila moja ina uzito wa gramu 4 au 5 tu? Mwitalia Bartolomeo Eustachi alizieleza katika miaka ya 1560, lakini karibu miaka 300 ikapita bila mtu kujua kazi ya tezi hizo. Mwaka 1855 Thomas Addison, daktari wa hospitali ya Guy's jijini London, akaandika habari za wagonjwa waliokuwa wakikonda, wakiishiwa nguvu na kubadilika rangi ya ngozi, ambao tezi hizo zilikuwa zimeharibika. Mwaka uliofuata Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis, Morisi, katika Bahari ya Hindi hii hii yetu, alizitoa kwa wanyama akaona wanakufa. Gramu hizo chache hazina mbadala mwilini.

Je, wajua ugonjwa wa Addison huiongezea ngozi weusi? Kwa mzungu unaonekana upesi. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi daktari huangalia ufizi, upande wa ndani wa mashavu, mistari ya viganja na makovu mapya. Ushahidi mzuri kuliko wote unaweza kuwa picha yako ya miaka miwili iliyopita, au dada yako anayesema, "Huyu hakuwa hivi." Nenda na picha. Nenda na dada.

Wengi wa wagonjwa wale wa Addison tezi zao ziliharibiwa na kifua kikuu, na katika nchi zetu kifua kikuu bado ni miongoni mwa sababu. Hapa pana jambo ambalo kila aliye kwenye dozi ya TB angefaa alijue: rifampisini huliamsha ini lichakate dawa nyingine kwa kasi, ikiwamo haidrokotisoni ya kuziba pengo la kotisoli, na levothairoksini ya tezi ya shingo. Dozi iliyomtosha mgonjwa mwezi uliopita huenda isimtoshe mwezi huu. Kwa hiyo kliniki ya kifua kikuu na kliniki ya homoni zote mbili zijue unameza nini.

Je, wajua kipimo cha TSH husomwa kinyumenyume? Tezi ya thairoidi, ile yenye umbo la kipepeo chini ya kikoromeo, huamrishwa na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. TSH ni sauti ya pituitari. Mfikirie mama anayemwita mtoto aliye uani: mtoto asipoitika, mama hupaza sauti. Thairoidi ikilegea, TSH hupanda. Thairoidi ikizidisha kazi, TSH hushuka hadi karibu kutosikika. Kwa hiyo namba kubwa ya TSH ni dalili ya homoni chache, si nyingi. Wengi hutoka maabara wakiwa na furaha au hofu isiyo mahali pake kwa kutojua hilo.

Lakini je, mama mwenyewe akipotewa na sauti?

Hapo ndipo TSH peke yake inapodanganya. Mwaka 1937 daktari Mwingereza Harold Sheehan alieleza wanawake waliotokwa na damu nyingi sana wakati wa kujifungua, pituitari ikakosa damu, ikafa sehemu au yote. Mzazi wa namna hiyo hapati maziwa ya kunyonyesha. Hedhi hairudi. Nywele za makwapani hupukutika, baridi humwingia, uchovu haumtoki, na watu wa nyumbani husema uzazi umemchosha. Miaka inapita. Akipimwa TSH, majibu yanaweza kusema "kawaida", kwa kuwa pituitari haina nguvu ya kupaza sauti, ilhali homoni yenyewe ya thairoidi, T4, iko chini. Huyu anahitaji T4 ipimwe pamoja na TSH, na anahitaji kotisoli ipimwe vilevile, maana pituitari hiyo hiyo ndiyo inayoziamrisha adrenali. Katika nchi ambako kutokwa na damu baada ya kujifungua bado kunaua akina mama, natamani swali hili liulizwe kila mwanamke mchovu anapoingia kliniki: ulipojifungua mara ya mwisho, damu ilitoka kiasi gani, na maziwa yalitoka? Asipoulizwa, aseme mwenyewe.

Je, wajua tiba ya adrenali na thairoidi ina mpangilio wake? Mtu mwenye upungufu wa zote mbili huanzishiwa kwanza haidrokotisoni, kisha levothairoksini. Homoni ya thairoidi huharakisha mwili kuitumia na kuivunja kotisoli. Ukimpa mtu ambaye akiba yake ya kotisoli imekwisha, unaweza kumtumbukiza kwenye hatari ya kifo: kutapika, presha kuporomoka, kuzimia. Rais wa Marekani John F. Kennedy alikuwa na upungufu wa zote mbili. Alipopasuliwa mgongo mwaka 1954, jinsi alivyokingwa na homoni ilichapishwa mwaka uliofuata katika jarida la upasuaji, bila jina, kama habari za mwanamume wa miaka 37. Kwa hiyo ukianzishiwa dawa ya thairoidi ukajiona unazidi kudhoofika badala ya kupata nafuu, usiseme ndiyo dawa inafanya kazi. Rudi siku hiyo hiyo.

Je, wajua biotini, vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, inaweza kukuzushia ugonjwa kwenye karatasi? Katika baadhi ya mashine za maabara huifanya TSH ionekane ya chini na T4 ionekane ya juu, sura kamili ya thairoidi iliyozidi, na mtu hana lolote. Wataalamu hushauri iachwe angalau siku 2 kabla ya kipimo. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo hupandisha kotisoli inayosomwa kwenye damu, hivyo upungufu ukafichika. Vyote hivi, ambavyo mtu havihesabu kuwa dawa, vitaje.

Je, wajua 10 inaweza kuwa kubwa kuliko 200? Kotisoli huandikwa na maabara moja kwa mikrogramu kwa desilita, na nyingine kwa nanomoli kwa lita. Ili kutoka ya kwanza kwenda ya pili unazidisha kwa 27.6, kwa hiyo 10 ya huku ni 276 ya kule. Usilinganishe majibu ya maabara mbili kwa namba tupu.

Shangazi yangu alimeza levothairoksini miaka mitatu kwa chai ya maziwa na vitumbua, kila asubuhi bila kukosa, na kila akipimwa dozi ilionekana haitoshi. Hakuwa mkaidi; hakuna aliyemwambia. Kidonge hiki humezwa kwa maji matupu, tumbo tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Maziwa, kahawa na soya hupunguza kinachoingia kwenye damu. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vikae mbali nacho kwa saa 4, na hapa nawaangalia akina mama wajawazito, ambao hupewa madini ya chuma kliniki na kuyameza pamoja na kila kitu ili wasisahau. Ujauzito huongeza mahitaji ya homoni hii, mara nyingi kwa robo hadi nusu ya dozi ya awali, na katika wiki za mwanzo mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama. Anayemeza kidonge hiki akijua tu amebeba, ampigie daktari wake simu. Asingoje kliniki ya mwezi wa nne.

Ramadhani je? Kidonge kinaweza kumezwa usiku, saa 3 hivi baada ya kula, au kabla ya daku kwa nafasi ya kutosha. Panga na daktari kabla mwezi haujaandama. Lakini anayetumia haidrokotisoni kwa ugonjwa wa Addison suala lake ni zito zaidi, kwa sababu dozi zake hugawanywa mchana na kukosa maji kunamdhuru. Huyo asifunge kabla ya kuzungumza na daktari.

Je, wajua T4 iliyo mwilini huchukua takriban siku 7 kupungua hadi nusu? Ndiyo maana baada ya kubadilishiwa dozi unaambiwa urudi kupima baada ya wiki 6 hadi 8. Anayepima baada ya wiki moja analipia namba ambayo bado iko njiani.

Sasa niseme la mkorogo, kwa kuwa linaniuma. Baadhi ya krimu za kujichubua zina steroidi kali kama klobetasoli, ambayo ni jamaa ya kotisoli. Ikipakwa mwili mzima, siku baada ya siku, hupenya hadi kwenye damu. Pituitari ikiona kotisoli bandia imejaa, hunyamaza. Adrenali nazo hulala, husinyaa. Uso huvimba ukawa wa mviringo, tumbo hukua, mikono hukonda, ngozi hupasuka mistari. Kisha siku moja msichana anaacha krimu ghafla, au imemwishia, na adrenali zilizolala haziwezi kuamka kwa siku moja. Ni hivyo hivyo kwa prednisoloni na deksamethasoni zinazonunuliwa duka la dawa bila cheti ili mtu anenepe, na kwa baadhi ya dawa zinazoitwa za mitishamba ambazo ndani zimechanganywa steroidi. Kwa aliyezitumia zaidi ya wiki 3 au 4, hazipaswi kukatwa ghafla. Hupunguzwa hatua kwa hatua. Mbele ya daktari, aibu ya kutaja krimu inaweza kukugharimu maisha. Chukua kopo lenyewe, liweke mezani.

Je, wajua mtu anayetumia kabimazoli kwa thairoidi iliyozidi hapaswi kuichukulia homa yoyote kuwa malaria tu? Mara chache dawa hii huzishusha chembe nyeupe za damu hadi karibu kuisha. Dalili zake ni homa, koo kuuma, vidonda mdomoni. Acha dozi inayofuata, nenda siku hiyo hiyo kupimwa damu kamili, na useme unatumia kabimazoli. Kipimo cha malaria kifanywe pia, lakini kisiwe ndicho pekee.

Daktari akikuuliza ulikulia wapi na kwenu mlikula nini, ana sababu. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti walikuta rovu kwa wingi, na wakaonyesha mchango wa muhogo usiolowekwa vya kutosha: sumu yake hubadilika mwilini kuwa kitu kinachoizuia thairoidi isivute madini joto. Muhogo wenyewe si adui. Uloweke vizuri, na chumvi yenye madini joto iwepo, iwekwe kwenye chombo chenye kifuniko mbali na moto na jua. Na wala bahari si kinga: utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta upungufu wa madini joto Zanzibar, Pemba ikiwa na hali mbaya zaidi.

Je, wajua "uchovu wa adrenali" unaotangazwa mitandaoni hautambuliwi na wataalamu wa homoni? Uchambuzi wa tafiti 58, uliochapishwa mwaka 2016, haukupata ushahidi wa kuwapo kwake. Uchovu wako ni wa kweli, na unastahili kutafutiwa chanzo: upungufu wa damu, kisukari, sonona, thairoidi, au Addison yenyewe. Anayekuuzia chupa kabla ya kukupima anakuchelewesha.

Mwenye Addison akipata homa huongeza dozi ya haidrokotisoni mara 2 au 3, kama alivyoelekezwa na daktari wake. Akitapika kidonge, anahitaji sindano ya miligramu 100 na dripu ya maji ya chumvi, haraka. Hayo yaandikwe kwenye kadi ikae pochini, kwa Kiswahili kinachosomeka na konda wa daladala.

Watu huuliza kuhusu levothairoksini: ni ya maisha? Kwa wengi, ndiyo. Mwaka 1891, huko Newcastle, daktari George Murray alimdunga mwanamke wa miaka 46 majimaji ya tezi ya thairoidi ya kondoo. Mwanamke huyo alikuwa amevimba, mzito wa kusema, amekata tamaa. Akapona, akaendelea na dawa miaka 28, akafariki mwaka 1919 akiwa na miaka 74. Murray alikokotoa idadi ya kondoo waliohitajika kumweka hai muda wote huo. Walizidi 870.